Nyota aondoke mapema au asubiriwe? Mfano wa Chicago Blackhawks

Katika kujijenga upya, Chicago, timu ya hoki ya barafu ya Marekani, walijaribu njia zote mbili ndani ya miezi minane: kumtoa nyota mapema, na kumsubiri.

Julai 2022 walimpeleka mfungaji wao Alex DeBrincat kwa timu ya Ottawa. Miaka 24, ametoka kufunga mabao 41, mkataba umebakiza msimu mmoja. Walipata nafasi ya 7 na ya 39 za kuchagua chipukizi mwaka uleule, na ya raundi ya tatu ya 2024. Mashabiki walinuna, na nawaelewa: kwa umri ule angekuwa bado wa moto timu ikishasimama.

Nyota mwingine, Patrick Kane, aliachwa hadi Februari 2023. Miaka 34, nyonga inamsumbua, mkataba unaisha, tena ana haki ya kukataa kuhamishwa. Akaitaka New York Rangers tu. Hapo Chicago wangepandisha bei kwa nani? Kikubwa walichoambulia ni nafasi ya raundi ya pili. (Vikombe vya ubingwa vya 2010, 2013 na 2015 alishawapa, basi heshima nayo ina gharama.)

Mimi ningemtoa nyota mapema, ila si wa miaka 24. Kwenye 27 au 28, kabla hajasaini mkataba wenye haki ile.