Strudel na msaidizi wa akili mnemba: tathmini kwa anayejifunza

Strudel ni programu ya kutunga muziki kwa kuandika msimbo. Hufunguliwa ndani ya kivinjari, haisakinishwi, hailipiwi, wala haidai mtu ajisajili. Alex McLean na Felix Roos walianza kuijenga mwaka 2022, wakihamishia kwenye JavaScript, lugha ya kompyuta inayoeleweka na vivinjari, mawazo ya TidalCycles, mfumo wa awali wa McLean wa kutunga muziki kwa msimbo, uliojengwa juu ya lugha nyingine ya kompyuta, Haskell. Naipendekeza bila kusita. Ninachotaka kukipima hapa ni desturi iliyojitokeza ya kuitumia pamoja na wasaidizi wa akili mnemba, ambao huelezwa kwa maneno ya kawaida mdundo unaotakiwa, nao wakaandika msimbo mzima.

Uzuri mkubwa wa Strudel ni kwamba sauti inapolia, sehemu ya msimbo inayoitoa huwekewa alama papo hapo kwenye skrini. Ukiandika s("bd(3,8)") kisha ukabonyeza Ctrl na Enter, ngoma ya besi italia mara 3 ndani ya nafasi 8, yaani katika nafasi ya kwanza, ya nne na ya saba. Ukibadilisha 3 ikawa 5 huku muziki ukiendelea, na kubonyeza tena, mdundo unageuka bila kukatika. Kinachofanyika ni kuyasambaza mapigo kwa usawa kadiri nafasi zinavyoruhusu, na mwanasayansi wa kompyuta Godfried Toussaint alionyesha mwaka 2005 kwamba hesabu hiyo hiyo huzaa midundo mingi ya jadi duniani; (7,12), yaani mapigo 7 ndani ya nafasi 12, kwa mfano, hutoa mdundo wa kengele unaofahamika sana Afrika Magharibi. Anayecheza na namba hizo kwa mikono yake, akisikiliza kila badiliko, huanza kuelewa mdundo unajengwaje kabla hajasoma nadharia yoyote, na kwa maoni yangu hakuna somo la vitabuni linalofikisha jambo hilo kwa wepesi kama huo.

Msaidizi wa akili mnemba huliruka somo hilo. Nilimwomba mmoja wao msingi wa singeli wenye mapigo 210 kwa dakika, akaniletea mistari mingi yenye sura nzuri, ikianza na setcpm(210). Amri hiyo huhesabu mizunguko kwa dakika, yaani mara ambazo mdundo mzima hurudiwa, haihesabu mapigo. Kwa kuwa kila mzunguko ulikuwa na mapigo 4, kilichosikika ni ngurumo ya mapigo 840 kwa dakika. Sahihi ilikuwa setcpm(210/4). Anayeijua programu huliona kosa hilo mara moja, lakini anayeanza hana namna ya kujua kama tatizo ni la singeli, la Strudel au la masikio yake. Kasoro nyingine ya wasaidizi hawa ni kuchanganya maandishi ya TidalCycles na ya Strudel, hivyo mtu akaletewa # speed 2 mahali ambapo programu inasubiri .speed(2), na pia kubuni amri ambazo hazipo kabisa.

Hata msimbo ukiwa sahihi, bado sioni kwamba mwanafunzi amepata kitu, kwa sababu hajui abadilishe nini ili muziki uende anakotaka yeye.

Hata hivyo, ipo kazi ambayo msaidizi huyu huifanya vizuri. Mafunzo ya Strudel, ambayo kila mfano wake unaweza kuuchezesha na kuubadilisha pale pale, yameandikwa kwa Kiingereza, na ujumbe wa makosa huwa mkavu. Kumpa msaidizi mstari mmoja ulioandika mwenyewe na kumwuliza kwa Kiswahili kwa nini unakataa kulia ni msaada wa kweli, hasa kwa asiye na mwalimu karibu, mradi jibu lijaribiwe kwa sikio kabla ya kuaminiwa. Kwa kazi hiyo ninamkubali.

Jukwaani suala ni zito zaidi. Tangu kundi la TOPLAP lilipoundwa mwaka 2004, waandishi wa msimbo mubashara, yaani wanaotunga muziki kwa kuandika msimbo mbele ya hadhira, wameshikilia kwamba skrini ya mwanamuziki ionyeshwe ukutani, ili hadhira iuone uamuzi ukifanyika, pamoja na makosa na marekebisho yake. Na katika dansi za algorave, zilizoanza Uingereza mwaka 2012, watu hucheza huku wakiyatazama maandishi hayo yakibadilika. Msimbo ulioombwa kwenye dirisha lililofichwa kisha ukabandikwa unavunja makubaliano hayo, hata ukisikika vizuri kiasi gani. Sidai akili mnemba ipigwe marufuku jukwaani. Ninachodai ni kwamba anayeitumia alirushe ukutani pia dirisha la mazungumzo yake na msaidizi, ombi na jibu, kwa ukubwa ule ule wa maandishi ya Strudel.