Dawa ya kutoa wadudu na lami kwenye gari: angalia kwanza inakauka baada ya muda gani

Mwezi wa nne nilitoka Dodoma jioni narudi Dar, mvua ndo imekatika, basi kuanzia Kibaigwa kumbikumbi kama wote, nafika Moro boneti na bampa ya IST yangu nyeupe hazitamaniki, na mbele tena kuna kipande wamemwaga lami mbichi, milango yote chini ikajaa vitone vyeusi. Kesho yake nikanunua dawa ya kopo, nikapuliza boneti zima saa sita mchana. Sijafika hata nusu kufuta, nilikoanzia kushakauka. Imeniachia mabaka ya michirizi, jua la jioni likipiga kwa upande unayaona mpaka leo, na fundi rangi kasema hapo ni polishi ya mashine tu.

Ndo maana harufu na ukubwa wa kopo siviulizii tena. Nauliza inakaa mbichi dakika ngapi. Mdudu anatolewa kwa kuloweshwa, akilainika anafutika bila nguvu, lami nayo inayeyuka taratibu mpaka unaona uji wa kahawia unashuka. Dawa ikikauka kabla ya hapo unaanza kusugua, na yale magamba ya wadudu ni kama msasa, wakati ile rangi ya juu inayong'aa ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari.

Kabla hujagusa rangi, puliza kidogo kwenye kioo cha dirisha, gari liwe kivulini, angalia saa. Ile ya kwangu ya kwanza haikumaliza dakika mbili.

Namba moja kwangu ni Turtle Wax Bug & Tar Remover na sifichi kwamba naipenda. Dakika tano kioo bado kimelowa, kumbikumbi walitoka kwa kufuta mara moja, lami ilitaka nirudie mara mbili. Nimeshanunua kopo la pili.

Sonax ya wadudu inafuata, ila ni ya wadudu tu. Lami ni mafuta, inataka kitu cha kuyeyusha mafuta, sasa usije ukalaumu dawa bure.

WD-40 kwa lami iko vizuri na haina haraka ya kukauka, ila inaacha mafuta, lazima uoshe na shampuu ya gari baadaye. Kwa wadudu sijaona maajabu.

Za bei chee: mafuta ya kula yanalainisha lami ukiwa na subira. Petroli inakauka hapohapo, thina inakula rangi, na kijana akikujia na stilwaya chukua funguo zako uondoke.

Kinachoniuma ni wauzaji. Nimezunguka Gerezani nusu siku, kopo lilelile huku elfu 25, duka la tatu mbele elfu 45, ukiuliza tofauti unaambiwa dada hii ndo orijino. Makopo yamepangwa nje juani toka asubuhi, maandishi yamefifia hata onyo la kutopuliza kwenye bodi ya moto halisomeki, na hilo ndo onyo ambalo lingeniokoa mimi! Mmoja alikuwa na dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina jina, eti ndo wanayotumia mafundi. Hela yetu tunaitafuta kwa shida jamani, angalau tuuziwe kitu chenye maelezo.

Ukishapata dawa, weka kiganja kwenye boneti, kama huwezi kukiacha hapo subiri lipoe. Puliza eneo la ukubwa wa sinia, futa, suuza, ndo usogee. Kwenye taa za plastiki usiiache ikakaa, futa mara moja. Tumia kitambaa cha maikrofaiba, na upande ulioshika lami usiurudishe kwenye rangi. Ukimaliza osha na shampuu halafu paka waksi upya sehemu zote ulizopuliza, maana dawa imeondoka nayo.