Mbadala wa sukari kwa anayepunguza wanga: upi ununue kwanza?

Kabla ya kulipia, geuza pakiti usome orodha ya viambato, kwa kuwa nyingi zilizoandikwa "stevia" kwa herufi kubwa zina stevia kidogo sana ndani yake. Kiini cha majani ya mmea huo wa stevia ni kitamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari, hivyo watengenezaji hukichanganya na kijazio ili kipimike kwa kijiko, na mara nyingi kijazio hicho ni dekstrosi au maltodekstrini, yaani wanga mtupu unaopandisha sukari ya damu upesi.

Kwa chai na uji, naiweka stevia ya matone nafasi ya kwanza. Haina wanga wa kuhesabu, inastahimili moto, na chupa ndogo hukaa muda mrefu. Ila ukizidisha, chai huacha uchungu ulimini.

Ya pili ni erithritoli (kwenye viambato huandikwa pia E968), yenye takriban asilimia 70 ya utamu wa sukari na kalori 0.2 tu kwa gramu. Inafaa kwa keki ya unga wa lozi, lakini kashata itakusumbua: shira yake haigeuki rangi ya kahawia, na ikipoa hurudi kuwa chembechembe zinazoleta ubaridi mdomoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliihusisha na mshtuko wa moyo na kiharusi, bila kuthibitisha kwamba ndiyo chanzo. Kwa hiyo mwenye maradhi ya moyo ni heri abaki na stevia.

Sukralosi ni ya tatu, mradi iwe ya maji, kwani kipakiti cha unga hubeba karibu gramu moja ya wanga, na anayekunywa vikombe vitano kwa siku ataiona hesabu hiyo. Zailitoli inafuata: utamu wake ni sawa na wa sukari, lakini ina kalori 2.4 kwa gramu, huvuruga tumbo ikizidi, na ni sumu kwa mbwa.

Mwisho kabisa ni maltitoli (E965), iliyojaa katika chokoleti "zisizo na sukari", ambayo hupandisha sukari ya damu waziwazi. Siinunui.

Asali, tende na sukari guru hazimo katika orodha hii, hata zikisifiwa vipi kuwa ni za asili: kijiko kikubwa kimoja cha asali kina takriban gramu 17 za wanga.