TAHADHARI: Fundi ananiuzia jointi yangu mwenyewe kama mpya!

Jamani, naandika mikono inatetemeka kwa hasira. Mliokuwa mnaniuliza ile kelele ya gari iliishia wapi, haikuishia popote. Nimetapeliwa, tena nikiwa nimesimama palepale.

Kelele yenyewe mnaijua. Nikikata kona kulia usukani ukiwa umefika mwisho, nikigusa mafuta tu, ka-ka-ka-ka gurudumu la mbele kushoto. Nikinyoosha, kimya. Nikaelekezwa kwa huyu bwana (aliyenielekeza mnamjua, sina ugomvi naye, hata yeye aliaminishwa).

Sasa sikieni alivyonifanya. Hakukurupuka hata kidogo. Aliingia mwenyewe kwenye gari, akashusha kioo, akakunja usukani mpaka mwisho, akazunguka polepole upande mmoja, akageuza upande wa pili, kisha akarudi nyuma, huku sikio liko nje. Akapiga jeki, akaniita nichungulie nyuma ya tairi. Raba ya sivi jointi (kiungo cha mwisho wa shafti kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu hata likikata kona) imechanika, grisi imerukia ndani ya rimu yote. "Bosi, grisi imetoka, mchanga umeingia, golori zimekula njia zake. Hii jointi imekwisha." Na hapo alisema kweli! Ndicho kinachoniuma zaidi. Nilipomuuliza kama si boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachobeba gurudumu), alishika tairi juu na chini akalitikisa kwa nguvu, halikucheza. Akalishika kushoto na kulia kuangalia tairodi (chuma cha usukani kinachogeuza tairi), nako hakukucheza. Mtu anapima hatua kwa hatua mbele ya macho yako, anakueleza kila kitu, utaanzia wapi kumshuku?

Akaleta boksi lenye plastiki yake, halijafunguliwa. Akaliweka juu ya boneti, akaniambia nilipige picha kwa ajili ya waranti. Nikapiga. Picha ninayo mpaka sasa, ni ya boksi. Jointi iliyokuwa ndani sikuwahi kuiona ikitoka. Kijana wake akaniita upande wa pili nikaangalie pedi za breki, ambazo hazikuwa na tatizo lolote, akanieleza na kunieleza. Niliporudi, kitu kimeshavalishwa kwenye shafti: cheusi, kinang'aa, raba mpya, klipu mpya. Nikakabidhiwa "ya zamani" ndani ya mfuko, imeliwa na kutu, akaitikisa sikioni kwangu ili nisikie inavyogonga. Tukaenda kujaribu gari, kona zote, usukani mpaka mwisho. Kimya kabisa. Nikalipa yote papo hapo na shukrani juu.

Kelele ikarudi, safari hii kali kuliko mwanzo. Nikampigia, akasema ni mimi ninavyoendesha. Nikampigia tena, ameshanifungia namba.

Fundi mwingine ndiye aliyefumbua macho. Alipovua raba, ndani kuna grisi mpya iliyojazwa juu ya grisi nyeusi yenye mchanga, na njia za golori zina mashimo. Ganda la nje limepulizwa rangi, na rangi imeingia mpaka kwenye meno (mifereji ya chuma inayounganisha jointi na vyuma vingine). Ile "ya zamani" niliyopewa kwenye mfuko tukaijaribu kwenye shafti, haiingii, meno yake ni ya gari lingine! Yaani jointi yangu haikubadilishwa kamwe. Ilifutwa, ikapakwa rangi, ikajazwa grisi nzito inayofunika sauti kwa muda, nikauziwa upya.

Huyu mtu anyang'anywe spana zote. Anajua fika kwamba jointi iliyolika mwisho wake ni kuvunjika, na ikivunjika injini inaunguruma tu, gari haliendi. Hebu fikiria inakutokea unakatiza barabara kuu na watoto nyuma. Huo ni wizi, na juu ya wizi ni kuchezea roho za watu. Afikishwe polisi, arudishe pesa za kila mmoja aliyemfanyia hivi, na afungwe!

Mnaokwenda kwa mafundi, boksi lifunguliwe mkononi mwako. Jointi mpya kwa kawaida huja na pakiti yake ya grisi na klipu, usipoviona hivyo, uliza. Ya kwako weka alama ya mkwaruzo kabla haijafunguliwa, halafu ya zamani ilinganishwe meno na mpya hapohapo. Rangi mbichi kwenye meno, kataa. Usikubali kuitwa pembeni kazi ikiendelea. Na kama gari lako linapiga kong' moja ukizungusha usukani likiwa limesimama, hiyo mara nyingi ni maunti ya juu ya shokapu (kishikizo chake kwenye bodi) au springi inayokwama, si sivi jointi. Shika springi mtu mwingine azungushe usukani, utaisikia mkononi ikiruka. Huyu angewauzia jointi hata hapo, sina shaka.

Jina lake siliandiki hapa kwa kuwa nalipeleka kituoni. Yeyote aliyefungiwa jointi kwa mtindo huu wa boksi juu ya boneti, vua raba uangalie leo, piga picha, tunza risiti, kisha unitafute tuongozane. Nikienda peke yangu atasema ni neno langu kwa lake. Tukiwa wengi na vyuma mkononi, ataeleza vizuri.