Uzoefu wangu: masoko na vyakula vya pwani ya Bretagne, Ufaransa

Mimi ni mtu wa Tanga, na mtu wa pwani hasifu samaki wa watu kwa kuoneana haya. Kusini mwa Finistère, wilaya ya ncha ya magharibi ya Bretagne, yaani Quimper, Concarneau, Douarnenez na Le Guilvinec, kumepata kwangu nyota nne kati ya tano. Kwa masoko peke yake ningetoa zote. Moja imeliwa na usafiri: treni ya kasi kutoka Paris Montparnasse inakufikisha Quimper kwa muda unaokaribia saa nne, raha mustarehe, lakini kutoka hapo kwenda vijijini unategemea basi, na Jumapili basi ni la kubahatisha. Mkiwa wanne, kodini gari.

Le Guilvinec ndiko nilikopenda kuliko kote. Siku za kazi, mnamo saa kumi na nusu alasiri, boti zilizotoka alfajiri huanza kurudi, na watu husimama kwenye baraza juu ya gati kuangalia kreti zikishushwa. Wanaosubiriwa hasa ni langoustine, kamba wembamba wa rangi ya waridi wenye magando marefu, wanaofika wakiwa hai. Kuangalia ni bure. Ukitaka kuingia mnadani, unalipia ziara kwenye kituo cha Haliotika, palepale bandarini, na mimi nasema lipa. Aliyezoea soko la samaki la Deep Sea kwetu Tanga, ambako dalali anapaza sauti na wachuuzi wanambishia, atashangaa: bei inapita kwenye skrini, mnunuzi anabonyeza kitufe, biashara imekwisha. Hata kugombana hakuna!

Mnadani wewe mgeni huuziwi. Nenda maduka ya samaki ya jirani, chukua nusu kilo, chemsha dakika mbili tatu kwenye maji yaliyokolea chumvi. Najua mkono utakwenda kwenye ndimu na pilipili. Uzuie kwanza, onja wenyewe walivyo.

Alhamisi ni gulio la Pont-l'Abbé. Hapo kuna vitunguu vya waridi vya Roscoff vilivyosukwa mashada, na galette, chapati nyembamba ya unga mweusi wa mbegu ziitwazo sarrasin, inayopikwa mbele yako. Siagi ya huku ina chumvi, na wenyewe hawataki kusikia nyingine. Sababu ni ya zamani: kabla ya Mapinduzi ya 1789 sehemu kubwa ya Ufaransa ilibanwa na kodi ya chumvi, Bretagne ikasamehewa, basi wakatia chumvi watakavyo. Kuna hata siagi ya mwani. Niliwaza kinamama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wanaolima mwani usafirishwe nje, nasi mezani hatuujui.

Wasiokula nguruwe na wasiokunywa kileo wasome hapa vizuri. Galette iitwayo complète ina yai, jibini na hemu, yaani paja la nguruwe. Sema "sans jambon", yaani bila hemu, hawanuni. Soseji za magulioni, chukulia ni za nguruwe mpaka uambiwe vingine. Sida inayoletwa kwenye bakuli kama kikombe cha chai ni pombe ya matofaa. Juisi ya tofaa ipo karibu kila mahali na ni nzuri kweli. Galette yangu ya kawaida ilikuwa kwenye euro kumi.

Concarneau ina mji mkongwe ndani ya ngome, baharini, na picha utapiga nyingi. Kula humo sikushauri. Mkahawa mmoja ulinitoza bei ya karamu kwa kome waliopoa. Nje ya ngome, soko la mjini linatosha. Pia tembea bandarini: huu ndio mji wa meli kubwa za jodari za Ufaransa, ambazo tangu miaka ya 1980 huvua Bahari ya Hindi na kupakua Victoria, Ushelisheli. Jodari wa kwetu, basi, anavuliwa na watu wa huku. Sikuwa na hamu ya kumnunua kwenye kopo.

Douarnenez ni mji wa sardini. Moja ya viwanda vyake ni cha tangu 1853 na bado kinafanya kazi. Makopo yake ni zawadi isiyoharibika njiani. Mwaka 1924 wanawake wa viwanda hivyo, waliokuwa wakilipwa senti 80 za faranga kwa saa, waligoma, na Januari 1925 wakaondoka na faranga nzima. Mjini hadithi hiyo bado inasimuliwa kwa kujidai, na wana haki. Hapo pia ndipo ilipozaliwa kouign-amann, keki ya unga wa mkate, siagi na sukari. Kipande kimoja mgawane wawili, tena kikiwa moto.

Usiku ulizia fest-noz, ngoma ya kijiji iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2012. Mwimbaji anaanza kifungu cha wimbo, mwenzake anakidaka mwishoni na kukirudia, na wachezaji wanashikana vidole vidogo kwa mstari mrefu unaozunguka ukumbi. Hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Anakupa kidole tu. Kiingilio kwa kawaida ni euro chache, na matangazo hubandikwa kwenye milango ya maduka ya mikate. Hakikisha tu una namna ya kurudi, maana basi la usiku usilitegemee.