Impreza WRX ya 2000–2007 ikishapita kilomita 200,000: nini kinakufa, nini kinadumu

Impreza WRX ya kizazi cha pili, yenye injini ya EJ205 ya cc 1994 na turbo, ilianza kuuzwa Japani mwaka 2000 na ikaishia 2007. Maana yake hakuna iliyo changa. Ile unayoletewa picha ikiwa imepigwa polishi na kuvishwa rimu mpya ina miaka 20 hivi au zaidi, na mita ikisoma 140,000 usifanye sherehe, kwa sababu mita hurudishwa. Chukulia kwamba imeshapita 200,000 na uikague hivyo. Kuhusu mbio zake hakuna la kubishania. Kinachofaa kupimwa ni kama gari hili linaishi vizuri mikononi mwa mtu wa kawaida, kwenye joto na matuta yetu. Linaishi, mradi mwenyewe ni mtu wa kufungua boneti. Anayejaza petroli na kusubiri taa iwake ndipo aende gereji, atafute Corolla.

EJ205 nyingi zinazoshushwa zinashushwa kwa ugonjwa mmoja: zimenoki. Beringi za koni-rodi zimesagika kwa sababu oili ilipungua bila mtu kujua. Injini hii inachukua kama lita 4 hadi 4.5 ukibadilisha na filta, na kati ya alama ya juu na ya chini kwenye dipstiki kuna takriban lita moja. Silinda zake zimelala ubavu, na ukikata kona kali huku oili iko chini ya alama ya chini, bomba la kunyonyea kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) linavuta hewa. Sekunde chache zinatosha. Taa ya oili ikiwaka hapo inakupa taarifa ya msiba uliokwisha kutokea.

Dipstiki yenyewe ina ujanja wake. Oili hujipaka kwenye mrija, ukiichomoa upande mmoja unaonyesha imejaa na wa pili unaonyesha nusu. Amini upande unaosoma chini. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa sehemu tambarare, kila ukijaza petroli mara mbili. Badilisha kila kilomita 5,000 au miezi sita. Habari za oili ya kilomita 10,000 waachie wasio na turbo. 5W-30 ndiyo ya kitabu, lakini kwa injini iliyotembea sana na jua la Dar au Mombasa, 5W-40 au 10W-40 ya sintetiki inafaa zaidi. Ikila lita moja kila kilomita 3,000, vumilia na uongeze. Ikila lita kila 1,000, kuna ringi, kuna turbo, au kuna mahali inavuja, na mara nyingi ni gasketi za tapeti kava: oili inadondokea ekzosti, unasikia harufu ya kuungua ukisimama kwenye foleni. Sili za visima vya plagi hubadilishwa siku hiyohiyo, maana plagi ikianza kuogelea kwenye oili injini inapata misi.

Kuhusu milio, watu wengi wanauziwa hofu. EJ205 ikiwashwa ya baridi hugonga kidogo, tak-tak-tak, na mlio unafifia injini inavyopata moto. Hiyo ni pistoni ikicheza kwenye silinda kabla haijatanuka. Inaweza kuishi hivyo miaka. Mlio wa kuogopa unafanya kinyume: unakuja injini ikiwa ya moto, mzito, unasikika ukipandisha mizunguko hadi 2,500 au 3,000 kisha ukaachia mguu taratibu. Ukiusikia huo, zima na uite gari la kuvuta. Kilomita tano za "nifike tu gereji" zinaweza kuharibu krenkishafti ambayo ingepona.

Sasa taimingi belti, kazi inayotenganisha fundi wa Subaru na fundi wa magari. Belti moja inazungusha shafti nne za vali, na ikikatika vali zinagongana na pistoni. Badilisha kila kilomita 100,000, na kwa gari lisilo na kumbukumbu badilisha wiki uliyolinunua. Usinunue belti peke yake. Mara nyingi kinachoanza kufa ni aidla (puli ya kuongoza belti) yenye meno au tensheni (kibana belti), na hiyo ndiyo inayoichana belti nzima. Nunua kiti kamili: belti, tensheni, aidla zote na pampu ya maji, kwa sababu pampu inaendeshwa na belti hiyohiyo na ikivuja utarudia kazi yote.

Makosa yanayofanyika hapo yanajirudia gereji hadi gereji. La kwanza ni alama ya krenki. Gia ya krenki ina mshale unaoonekana vizuri sana, nao sio wenyewe. Alama sahihi ni kistari kilicho kwenye meno ya nyuma ya gia, na ndicho kinacholingana na alama ya kwenye bloku. Ukitumia mshale, umekosea taimingi kabla belti haijagusa shafti. La pili, shafti za upande wa kushoto wa gari zinakaa zikisukumwa na springi za vali. Ukitoa belti zinaweza kuruka zenyewe, na ukizungusha moja ovyo vali za kuingiza na za kutoa zinagongana. La tatu ni tensheni. Inabanwa kwa presi ikiwa imesimama wima, polepole, dakika tatu au zaidi, mpaka tundu lilingane na upitishe pini. Fundi akiipiga kwa jeki mara moja, sili ya ndani inakwenda na belti italegea baadaye. Gari la manyuo lina pia kibati kidogo juu ya gia ya krenki kinachozuia belti isiruke jino. Nafasi kati yake na belti ni milimita moja, ongeza au punguza nusu. Ukikuta hakipo, kuna aliyekiona hakina kazi. Mwisho, bolti ya puli ya krenki ikazwe kwa toki renchi. Ikilegea, puli inacheza na kula mfereji wa ufunguo, na hapo unazungumzia krenkishafti.

Belti ikiwa imetoka, pampu ya oili iko mbele yako. Itoe uangalie skrubu za bamba lake la nyuma: hulegea zenyewe na presha ya oili ikashuka. Zipake gundi ya nyuzi, zikaze, weka sili mpya. Sampo ikishushwa kwa sababu yoyote, kagua bomba la kunyonyea pale lilipochomelewa, kwani ufa huanzia hapo.

Upande wa kupoza, rejeta ya asili ina tenki la plastiki juu. Plastiki nyeusi ikigeuka rangi ya chai inakaribia kupasuka, na hupasuka kwenye foleni. WRX ina vifuniko viwili, kimoja cha rejeta na kimoja cha tenki dogo lililo karibu na intakula (kipoza hewa ya turbo). Havifanani presha, fundi akivibadilishana mahali gari litamwaga maji bila sababu inayoonekana. Maji hujazwa kupitia lile tenki dogo, taratibu, huku kifundo cha kutolea hewa juu ya rejeta kimelegezwa. Hewa ikibaki ndani gari linachemsha hata kama kila kitu ni kipya. Tumia kulanti ya kweli, kwa sababu maji ya bomba yanatoboa ndani kwa ndani.

Turbo yenyewe inadumu kuliko inavyosemwa mtaani. Toa intakula na hosi ya kuingiza hewa, uiguse shafti: ikicheza kidogo pembeni ni sawa, ikicheza kwenda mbele na nyuma imeisha. Kwenye injini zenye AVCS (mfumo wa kubadilisha taimingi ya vali) kuna bolti za mirija ya oili zenye chujio dogo kama kichwa cha kiberiti. Zikiziba, turbo inakufa njaa, kwa hiyo zikaguliwe kabla hujafunga turbo nyingine. Kinachosumbua zaidi ni hosi ya raba inayoingiza hewa kwenye turbo, iliyojificha chini ya manifoldi. Joto linaipasua, hewa isiyopimwa inaingia, na injini inaanza kuchoma mchanganyiko mkavu, hewa nyingi petroli kidogo. Hapo ndipo pistoni zinapopasuka. Vilevile sensa ya hewa: filta za pamba zinazopakwa mafuta huichafua ikadanganya kompyuta. Rudisha filta ya karatasi. Na kompyuta ya gari la Japani ilipangwa kwa petroli ya okteni 98 hadi 100, wakati petroli ya kawaida ya pampu zetu iko chini ya hapo. Kama lina programu ya kuongeza nguvu isiyojulikana ilikotoka, rudisha ya kiwandani kwanza. Plagi ni NGK PFR6G, uwazi wa milimita 0.7 hadi 0.8, betri na tenki la maji ya kioo lazima vitoke ili mkono upite.

Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 na 2000, na sifa hiyo imeua gia boksi nyingi za mtaani. Magari yale hayakuwa na gia boksi hii. Ya manyuo ya spidi tano haipendi kuondoka kwa kishindo: mizunguko 5,000 na kuachia klachi ghafla kunakata meno. Ukiiendesha kistaarabu inafika mbali. Inataka lita 3.5 za oili ya gia ya GL-5 75W-90, difu ya nyuma lita 0.8, kila kilomita 40,000. Ya otomatiki inavumilia zaidi, ila chini yake kuna nati tatu za kumwagia: ya injini, ya gia boksi na ya difu ya mbele. Fundi mgeni anafungua ya difu akidhani ni injini, kisha anaongeza oili mpya juu ya ile ya zamani. Injini inajaa kupita kiasi, difu inabaki kavu na kuanza kulia baada ya siku chache. Simama hapo uangalie inatoka wapi.

Matairi yawe manne ya aina moja na yaliyolika sawa. Zungushia futi kamba kila tairi. Tofauti ya mzingo ikizidi milimita 6, difu ya katikati inafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, na itaanza kushika ukikata kona kwenye maegesho. Mtumba wa mawili mbele ya chapa hii na mawili nyuma ya chapa ile ni bei rahisi ya siku moja. Rimu ni za 5x100, yaani bolti tano kwenye duara la milimita 100, kwa hiyo usidanganywe na za 5x114.3 za STI (toleo la juu la Impreza) za 2005 na kuendelea.

Bushi za kontroo amu, linki za stabilaiza na beringi za nyuma zinakwisha kama gari lolote la umri huo. Zinapatikana Gerezani, Dar, na Kirinyaga Road, Nairobi.

Ukienda kulikagua, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja kwenye boneti karibu na tundu la hewa. Likiwa la moto, omba kurudi asubuhi nyingine usikie linavyowaka la baridi. Injini ikishapata moto, pima kompresheni ya silinda zote nne. Tofauti kati yao isizidi asilimia 10.