GIMP 3 kwa kuunganisha picha: uzoefu wangu kama mwanafunzi wa upigaji picha

Ukiniuliza programu ya kujifunzia kuunganisha picha bila kulipia chochote, nitakutajia GIMP, kuanzia toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025. Nasisitiza toleo kwa sababu 2.10, lililotangulia, ni habari nyingine. Zamani ukitia ukungu au ukibadili rangi za leya (tabaka moja la picha kati ya yanayopangwa juu ya mengine), badiliko lilizama kwenye pikseli moja kwa moja. Sasa kichujio, yaani badiliko kama hilo, hukaa pamoja na leya yake: unakifungua tena, unakipunguza, unakizima. Kazi hii nusu yake ni kujaribu na kurudi nyuma, kwa hiyo hilo peke yake limenifanya nibaki nayo.

Nimeitumia zaidi kwa zoezi ninalolipenda sana: mtu mdogo kama kalamu akitembea juu ya kitabu kilichofunguliwa. Na hapa kuna jambo ambalo hakuna programu itakayokufanyia. Mtu wa sentimita 170 akitakiwa aonekane wa sentimita 17, amepungua mara kumi. Kama kamera ilikuwa sentimita 60 kutoka mahali atakaposimama kitabuni, na sentimita 30 juu ya ukurasa, basi mtu naye apigwe kutoka mita 6, kamera ikiwa mita 3 juu ya usawa wa nyayo zake, kwa lenzi ileile. Ngazi za jengo au roshani hutosha. Wengi huiruka hesabu hii, mtu akionekana kama anaelea wanailaumu maski (kifuniko kinachoficha sehemu za leya bila kuzifuta).

Mwanga nao hauna mjadala. Kitabu kikiwa kimeangaziwa na dirisha la kushoto, lenye mwanga laini, mtu apigwe mwanga ukimjia kutoka kushoto, na uwe laini vilevile. Siku ya mawingu au kivulini panafaa kuliko jua la mchana. Kitabu kipige kwa tundu dogo la lenzi, maana kwa umbali huo mfupi ukurasa wa nyuma hupotea kwenye ukungu upesi sana.

Ndani ya programu, usifute kitu kwa raba. Tia maski kwenye leya, kisha paka: nyeusi inaficha, nyeupe inarudisha, kijivu hufanya nusu kwa nusu. Kwa nywele kuna kifaa cha kuchagua kilicho mbele, ambacho ni kizuri, ila nakiri bado namalizia kwa brashi ndogo. Ukipiga picha ya mtu mbele ya ukuta mtupu unaokaribiana rangi na mandhari yatakayopokea picha yake, utaokoa muda mwingi.

Kivuli ndicho kinachomkalisha mtu chini. Mimi hutengeneza viwili, kila kimoja kwenye leya yake, zote kwa modi ya Multiply, inayotia giza kilicho chini yake. Cha kwanza ni chembamba na cheusi, pale soli inapogusa karatasi tu. Cha pili kinaelekea upande usio na mwanga, nacho huzidi kufifia na kulainika kadiri kinavyokwenda mbali na mguu. Cha kwanza kikikosekana, cha pili hakisaidii kitu. Mwisho kabisa natia chembechembe kidogo juu ya picha nzima, ili zile picha mbili zifanane ngozi. (Mpiga picha Oscar Rejlander aliunganisha negativu zaidi ya 30 mwaka 1857, gizani, bila kitufe cha kurudi nyuma. Namkumbuka kila nikianza kulalamika.)

Upungufu upo. Faili za RAW, yaani picha ghafi za kamera, haizifungui yenyewe. Unahitaji programu ya darktable au RawTherapee pembeni. Katika 3.0 huzipati leya za marekebisho kama za Photoshop, zinazobadili rangi au mwanga wa leya zilizo chini yake, ingawa ukiweka leya kwenye kundi kisha ukatia kichujio kwenye kundi hilo, unafika karibu. Menyu ni nyingi na zinachosha mwanzoni.

Aliye kwenye mradi wa kikundi ambapo wenzake wote wanatumia Photoshop, simshauri aanze nayo katikati ya kazi. PSD, faili ya Photoshop, inafunguka, lakini si kila kilichomo hubaki kama kilivyokuwa. Anayefanya peke yake aihifadhi kazi kama XCF, faili ya GIMP yenyewe inayotunza leya zote, na JPEG aitoe pale tu anapokabidhi.